Dawa imetoka, hela haijaingia

Duka la dawa lolote hapa Tanga lililobandika nembo ya bima ya afya mlangoni linaikopesha serikali. Halitozi riba, halishiki dhamana, na siku ya kulipwa halipangi lenyewe. Wenye maduka hawalisemi hivyo. Watakwambia biashara imekuwa ngumu, watalaumu wingi wa maduka Ngamiani, kodi ya pango, wateja wa nusu dozi. Yote hayo yapo. Lakini duka la bima likifa, mara nyingi hufa huku vitabu vikionyesha mauzo mazuri kabisa. Kilichokwisha ni fedha ya kununulia mzigo unaofuata.

Haya nayaandika kwa wenye famasi na maduka ya dawa muhimu, yale tunayoyaita DLDM, na kwa watoa dawa wanaojaza fomu kila siku bila kuambiwa fomu hizo zinakwenda wapi na zinarudi na nini. Lawama tumezisikia za kutosha, kwa hiyo nitakaa kwenye hesabu.

Fedha ya serikali inaingiaje dukani

Njia kubwa ni moja, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF. Sheria yake ni ya mwaka 1999, kazi ikaanza 2001. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza asilimia 3. Mwalimu wa Chumbageni au nesi wa Bombo akiandikiwa dawa na dirisha la hospitali likawa halina, anapewa fomu 2C na kwenda nayo kwenye duka lililosajiliwa na mfuko. Duka linatoa dawa, linabaki na fomu, mwisho wa mwezi linapeleka madai.

CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii uliokuwa ukitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, haipiti kwako. Fedha yake inabaki kwenye vituo vya serikali. Zahanati ikikosa dawa, mwenye kadi ya CHF anakuja dukani na hela yake mfukoni kama mteja mwingine yeyote, na mara nyingi anakuja amekasirika. Mwelezeni kwa upole.

Kisha kuna mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa. Kituo cha serikali kikikosa dawa Bohari ya Dawa, kinanunua kwa mshitiri aliyechaguliwa kwa mkoa mzima. Utaratibu ulianzia Dodoma mwaka 2014, ukasambazwa nchi nzima 2018. Kabla ya hapo duka la kawaida lilikuwa na nafasi ya kuombwa bei na mganga mfawidhi, na wapo walioishi kwa oda hizo. Kwa maoni yangu utaratibu wa sasa ni mzuri kwa mgonjwa, kwa sababu bei inajulikana na ubora unasimamiwa. Kwa duka dogo ni mlango uliofungwa, na asiye mshitiri asiuweke kwenye mipango yake.

Njia ya mwisho haionekani kwenye risiti. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasiojiweza wanatakiwa kupata matibabu bila malipo kwenye vituo vya umma. Dawa ikiwa haipo kituoni, msamaha unabaki kwenye karatasi na familia inanunua mtaani. Hapo ndipo biashara hii inapokuwa na tabia ya ajabu. Serikali ikibanwa na fedha, wateja wako wa taslimu wanaongezeka, lakini malipo yako ya bima yanachelewa. Ikipata nafuu, bima inalipa na taslimu inapungua. Ukiwa na wateja wa aina zote mbili unaweza kusimama. Ukiwa na wa bima peke yao, msimu mmoja mbaya unatosha kukuangusha.

Hesabu ya siku

Tuchukue duka la mfano lenye mtaji wa shilingi milioni 12 kwenye rafu na benki kwa pamoja. Kwa mwezi linauza dawa za bima za milioni 4. Faida ghafi tuiweke asilimia 15 ya bei ya kuuzia, kwa hiyo duka limezinunua dawa hizo kwa milioni 3.4.

Madai ya Januari yanakusanywa Januari ikiisha. Utaratibu unakupa siku 30 za kuyawasilisha, na mfuko una siku 60 za kulipa tangu uyapokee. Ukiyapeleka tarehe 5 Februari na mfuko ukalipa siku ya 60 kamili, hela inaingia tarehe 6 Aprili. Mpaka siku hiyo umeshatoa dawa za Januari, Februari, Machi na siku sita za Aprili. Ni miezi mitatu na kidogo, mara milioni 3.4, karibu milioni 10.9 ya fedha yako halisi iliyo nje. Mtaji wako ni milioni 12. Dawa za kikohozi, za malaria, vifaa, mshahara wa mtoa dawa, pango na umeme vyote vinazunguka kwenye milioni moja na ushei.

Sasa chukua duka hilohilo, ila mtu wa madai ana mambo mengi na fomu zinakwenda tarehe 28 Februari. Bado yuko ndani ya muda na hajavunja kitu. Siku ya 60 inaangukia tarehe 29 Aprili. Siku 23 za kuchelewa zimeongeza karibu milioni 2.6 kwenye fedha iliyo nje, na jumla sasa ni zaidi ya milioni 13. Mtaji umepitwa. Ndiyo maana utaliona duka lina foleni ya wenye kadi na rafu zina mapengo, na mwenye duka anakopa kwa jirani boksi la paracetamol.

Hapo tumechukulia kwamba mfuko umelipa ndani ya siku zake. Ukipita, kila wiki moja ya ziada inakula karibu laki 8 ya mtaji wa duka hili. Fanya hesabu hii kwa takwimu zako leo usiku. Unahitaji namba tatu tu: mauzo ya bima kwa mwezi, asilimia yako ya faida, na idadi ya siku kutoka kutoa dawa hadi hela kuonekana benki. Hiyo ya tatu itafute kwenye taarifa ya benki, usiikisie, kwa sababu kila mtu hukisia pungufu.

Fomu inavyokula faida

Ucheleweshaji angalau unaisha. Makato, yaani kile mfuko unachokataa kulipa kwa kosa la fomu, hayarudi yenyewe. Duka la mfano likikatwa asilimia 5 ya madai, limepoteza shilingi 200,000 kati ya faida ghafi ya 600,000, yaani theluthi nzima, na dawa zimeshamezwa. Kuirudisha laki 2 hiyo inabidi uuze nyingine za milioni 1.3. Kwa hiyo mtoa dawa anayejua kujaza fomu ana thamani kubwa kuliko punguzo lolote utakalobembeleza kwa muuzaji wa jumla.

Makosa ni yaleyale mwaka hadi mwaka. Namba ya kadi imeandikwa kwa haraka, 1 ikasomeka 7. Kadi haikuhakikiwa siku hiyo, au imehakikiwa ila namba ya uhakiki haikunakiliwa. Mgonjwa hakutia sahihi, au kasaini mtoto aliyetumwa bila kuandika jina lake na uhusiano. Tarehe ya kutoa dawa imetangulia tarehe ya daktari. Muhuri wa kituo haupo. Jina la daktari linasomeka, namba yake ya usajili haisomeki. Hakuna hata moja hapo linalohitaji elimu ya famasi. Yanahitaji mtu atulie sekunde thelathini kabla mgonjwa hajaondoka kaunta, kwa sababu akishapanda boda kurudi Pongwe humpati tena.

Makosa ya dawa yenyewe ni magumu zaidi. Kwanza ngazi ya kituo. Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu inapanga kila dawa kwa ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, na S ni dawa za bingwa. Dawa ya ngazi ya D iliyoandikwa kwenye fomu ya zahanati itakatwa hata kama mgonjwa anaihitaji kweli na daktari hakukosea ugonjwa. Bandika ukutani orodha ya dawa zako za ngazi ya B kwenda juu, na kila fomu ya zahanati ipitie hapo kwanza.

Pili, ugonjwa na dawa visipokubaliana. Fomu ina utambuzi wa malaria peke yake, na ndani kuna amlodipine. Mgonjwa ana presha ya miaka mingi, daktari ameiandika dawa kwa mazoea na kusahau kuandika ugonjwa. Anayekagua madai hamwoni mgonjwa, anaiona karatasi tu. Rudisha fomu kwa daktari. Usiongeze ugonjwa kwa mkono wako hata kama unamjua mgonjwa tangu mdogo: huko ni kughushi, na mkataba unavunjwa kwa hilo.

Tatu ni idadi, na hapa ndipo pa kukaa na mtoa dawa wako na kikokotoo. Metformin kidonge kimoja kutwa mara mbili kwa siku 30 ni vidonge 60. Ukitoa 100 kwa kuwa boksi lina 100, 40 ni sadaka. Insulini ya chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mgonjwa anayechoma 20 asubuhi na 10 jioni anatumia 30 kwa siku, chupa moja inamtosha mwezi, kwa hiyo chupa ya pili kwenye fomu ya mwezi mmoja haitalipwa. Mwenye yuniti 50 kwa siku anahitaji 1,500, yaani chupa mbili, na hiyo inalipika ilimradi dozi imeandikwa waziwazi. Fomu nyingi za insulini zinakatwa kwa sababu daktari ameandika jina la dawa na idadi ya chupa tu, na mkaguzi hana namna ya kuhakiki. Amoxicillin ya maji ya 125 mg kwa mililita 5, mtoto wa 250 mg kutwa mara tatu siku tano: ni mililita 10 mara 15, sawa na 150. Chupa za mililita 100 zinatakiwa mbili. Andika hesabu hiyo pembeni ya fomu kwa wino, "10 × 3 × 5 = 150", na aliyeko upande wa pili hatakuwa na sababu ya kukukata.

Kuna jambo moja la kaunta linalokwenda vibaya kila siku. Mzee analeta fomu ya dawa tatu, mbili zinalipwa na mfuko, ya tatu haimo. Mtoa dawa asiyejiamini anazifunga zote tatu na kuweka jina la dawa nyingine inayolipwa. Mwenye adabu ya kazi anasema tu: "Shikamoo babu. Hizi mbili bima inazilipa. Hii ya tatu haimo, utanunua mwenyewe au nimpigie daktari abadilishe?" Babu atanung'unika kidogo. Nusu ya mara daktari ana dawa mbadala iliyomo kwenye orodha, na simu moja inamaliza.

Kagua pia stakabadhi ya malipo. Malipo ya bidhaa kutoka taasisi za serikali hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 2. Hiyo si makato ya adhabu, ni kodi yako ya mapato iliyolipwa mapema, na ukiwa na hati yake unaipunguza kwenye kodi ya mwaka. Bila hati umeilipa mara mbili. Maduka mengi hayaombi hati hizo, sijui wanaogopa nini.

Bei ya kwenye orodha na bei ya sokoni

Mfuko unalipa kwa orodha yake ya bei. Orodha inakaa muda mrefu, soko halikai. Sehemu kubwa ya dawa zetu inatoka nje, India ikiongoza, na inalipiwa kwa dola. Mwaka 2024 dola ilipanda hadi kupita shilingi 2,600, na bei za jumla zikapanda nayo, baadhi ya wiki zikibadilika kati ya kuomba ankara na kutuma hela. Bei ya mfuko haikusogea kwa kasi hiyo.

Machi 1, 2024 kitita kipya cha mafao kilianza kutumika, na hospitali binafsi kadhaa zikatangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa mfuko kwa sababu ya bei zake. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Ummy Mwalimu, mbunge wa Tanga Mjini, kwa hiyo mjadala wa kitaifa hapa kwetu ulikuwa wa nyumbani. Hospitali zina chama na zina sauti. Duka la dawa la Makorora halina cha kusitisha kitakachoandikwa gazetini. Linaamka asubuhi na kukuta dawa fulani linainunua kwa bei ileile ambayo mfuko utailipia miezi mitatu baadaye, au juu yake.

Mwanachama hatakiwi kutozwa hela juu ya bei ya mfuko kwa dawa iliyo kwenye kitita. Anayemtoza huenda akalala na faida leo na kuamka na barua kesho. Kilicho halali ni kuchagua unachoweka kwenye rafu. Kila mwezi andika dawa zako 40 zinazotoka zaidi kwa bima, bei ya mwisho ya kununulia, na bei ya mfuko. Toa gharama ya kusafirisha. Faida ikibaki pungufu ya asilimia 8 hivi, dawa hiyo inakutumikisha, kwa sababu mtaji wake unaweza kukaa nje zaidi ya siku 90. Tafuta aina nyingine ya dawa hiyohiyo, ya kiwanda kingine, iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mara nyingi ipo. Isipokuwepo, agiza kidogo kidogo kulingana na wagonjwa wako wa kudumu.

Dawa zimesamehewa VAT, jambo ambalo wengi hulitaja kama neema. Ni neema kwa mgonjwa. Mwenye duka bado analipa asilimia 18 ndani ya bei ya kiyoyozi, rafu, friji na umeme, na kwa kuwa anachouza kimesamehewa, haidai popote. Kwa joto la pwani yetu hilo si dogo. Dawa nyingi zimeandikwa zisihifadhiwe juu ya nyuzi 30, na Januari na Februari chumba kisicho na kiyoyozi Tanga kinapita hapo kabla ya adhuhuri. Wanaozima kiyoyozi usiku kuokoa LUKU waweke kipimajoto chenye kumbukumbu ya kiwango cha juu na waisome asubuhi. Wakikuta 32, waamue wenyewe.

Bajeti ya taifa na kalenda ya duka

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Julai na Agosti fedha za mwaka mpya bado zinatafuta njia. Mei na Juni za mwaka unaoisha zimekauka. Panga mzigo wako kwa kalenda hiyo: usiingie Mei na madai makubwa yaliyo nje pamoja na deni la muuzaji wa jumla kwa wakati mmoja. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na hatujafika hapo. Bohari ya Dawa nayo imekuwa ikiidai serikali kwa miaka mingi. Duka la mtaani liko mwisho wa bomba hilo. Maji yakipungua huko juu, kwako ni matone.

Upande wa bima tatizo ni kwamba wanaougua sana ndio wanaojiunga kwa hiari, na magonjwa ya presha na kisukari yanataka dawa kila mwezi maisha yote. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimeeleza nakisi ya mfuko. Mfuko ukiwa na nakisi unafanya mambo matatu ya kawaida: unakaza ukaguzi, unabana bei, unachelewesha malipo. Yote matatu yanatua kwenye kaunta yako. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na inaweza kuleta wanachama wengi wasio wagonjwa, ambao ndio wanaouponya mfuko. Kwa duka, wanachama wengi maana yake ni fomu nyingi, na fomu nyingi ni mkopo mkubwa zaidi kwa serikali. Asiyejiandaa mtaji atasongwa na habari njema.

Misaada ya nje iliingia kwenye hesabu hii Januari 2025, pale Marekani ilipositisha misaada yake kwa siku 90 kupitia amri ya rais. Watu walifikiria ARV, ambazo hata hivyo haziuzwi kwenye maduka yetu. Dukani mguso unaweza kuwa kwenye ALu, dawa mseto ya malaria. Dozi zenye nembo ya jani la kijani zilishuka bei kwa ruzuku ya kimataifa iliyoanza 2010, na mteja wa Muheza akazoea bei hiyo. Ruzuku ikipungua, bei ya dozi inapanda na mteja anaomba akatiwe. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne kutwa mara mbili kwa siku tatu. Usimkatie 12, hata akilalamika. Weka kando aina mbili za bei tofauti na mpe ile anayoimudu ikiwa kamili.

Wenzetu wa Uingereza wanalia na nini

Inasaidia kuangalia mahali ambapo serikali inalipia karibu kila cheti cha dawa. Nchini England bajeti ya famasi za mtaani iliwekwa pauni bilioni 2.592 kwa mwaka, ikabaki hapohapo kuanzia 2019 hadi 2024 huku mishahara na bei zikipanda. Famasi nyingi zilifunga. Aprili 2025 ada ya kutoa dawa moja ilipandishwa kutoka pauni 1.27 hadi 1.46. Ni nchi tajiri, na ugonjwa ni uleule: bei iliyogandishwa na gharama inayotembea.

Lakini wana vitu viwili ambavyo sisi tunaweza kuvidai bila kuomba shilingi ya ziada. Cha kwanza, famasi inalipwa malipo ya awali kabla hesabu kamili haijafungwa, kisha tofauti inarekebishwa baadaye. Cha pili, dawa ikipanda bei sokoni kuliko orodha ya serikali, kuna utaratibu wa kuomba bei ya muda kwa mwezi huo. Duka la Tanga lililowasilisha madai safi mwaka mzima, makato chini ya asilimia 2, likilipwa nusu ya madai ndani ya siku 15, mfuko haujaongeza matumizi yake hata senti. Umebadilisha tarehe tu. Hilo ndilo la kupeleka kwenye vikao vya wadau, badala ya kuomba "bei ziangaliwe upya" kama kila mwaka.

Cha kufanya ukiwa na duka sasa hivi

Usibandike nembo ya bima kabla mauzo ya taslimu hayajatosha kulipa pango, mshahara na umeme peke yake. Hii ndiyo kanuni ninayoiamini kuliko zote. Ukishakuwa na bima, weka kikomo: fedha iliyo nje isizidi theluthi ya mtaji. Kwa duka letu la milioni 12 ni milioni 4, na kwa mzunguko wa miezi mitatu na kidogo inakuruhusu dawa za bima za karibu milioni 1.5 kwa mwezi, si milioni 4. Huruhusiwi kuwafukuza wenye kadi ukifika kikomo, na ukijaribu kuwachagua utaandikiwa. Unachoweza ni kupunguza aina za dawa ghali unazoziweka, kutoongeza tawi lingine kwenye usajili, na kukuza upande wa taslimu.

Madai yaende kabla ya tarehe 5. Ili iwezekane, yapangwe kila jioni, siyo mwisho wa mwezi. Daftari moja tu: namba ya fomu, tarehe, kiasi kilichodaiwa, kilicholipwa, na sababu ya makato. Malipo yakiingia, linganisha fomu kwa fomu. Makato yasiyo na haki yakatiwe rufaa ndani ya muda wa mkataba, na nakala ya fomu ikiwa mkononi. Asiye na nakala hana rufaa.

Dawa ya deni kulipa, lakini kwanza chagua deni. Muuzaji wa jumla wa Dar es Salaam akikupa mali kauli ya siku 30, tumia kwa dawa zinazouzwa taslimu zikaisha ndani ya wiki tatu. Ukiitumia kwa dawa za bima, deni linaiva siku 60 kabla ya hela yako. Mkopo wa benki wa miezi sita unafaa zaidi kwa hilo, ilimradi riba ya muda wote hela iko nje ni ndogo waziwazi kuliko faida ya dawa zenyewe.

Maduka matatu yanaweza kuagiza pamoja kupata bei ya katoni na kugawana nauli ya mzigo. Kila duka lipate ankara kwa jina lake kutoka kwa muuzaji mwenye kibali cha jumla, kwa sababu mkaguzi akikuta dawa za duka la jirani kwenye rafu yako bila ankara, atakuandikia kuuza jumla bila kibali. Mzigo wa basi hufika stendi ya Kange, na hapo pana jua. Mtu awe amefika kabla ya basi. Insulini isafiri kwenye boksi lenye barafu za pakiti, zikitenganishwa na chupa kwa kadibodi, maana inatakiwa nyuzi 2 hadi 8 na ikiganda imeharibika hata kama inaonekana safi baada ya kuyeyuka. Duka linalopokea insulini iliyoganda limepoteza mtaji na mgonjwa kwa pamoja.

Na ukiamua kutoka kwenye mfuko, ambayo kwa maduka madogo mengine ni uamuzi wa busara, toa taarifa kwa maandishi kwa muda uliomo kwenye mkataba na uondoe nembo siku ileile unayoacha kuhudumia. Wajulishe wagonjwa wako wa kudumu mwezi mmoja kabla ili wapate duka jingine. Peleka madai ya mwezi wa mwisho upesi kuliko yote, tunza nakala zake, na usifunge akaunti ya benki iliyosajiliwa kwa mfuko. Hela ya miezi mitatu ya mwisho itakuja wakati umeshazoea kuishi bila bima, na italipwa kwenye akaunti hiyo hiyo.